Herufi Moja ya Kusimamisha Mashine

Ofisini, Homa Bay
Alasiri

Adongo binti yangu,

Sanduku lako umeshalipanga, na nyanya yako, dani wetu, amelipangua na kulipanga upya, kwa hiyo sitakuandikia habari za sabuni, blanketi wala soksi. Nakuandikia kutoka ofisini, wenzangu wakiwa wameenda kunywa chai, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna neno ninaloweza kukuambia ambalo Apiyo hatalisikia upande wa pili wa pazia. Sina siri ya kumficha pacha wako. Ila leo asubuhi nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho niliyozungumza na wewe peke yako, nikashindwa, na hapo nikachomoa karatasi hizi kwenye printa.

Utashangaa kwamba ninaandika Kiswahili. Dholuo ndiyo lugha ya kuwabembeleza na kuwagombeza. Kiswahili kinaniweka mbali kidogo na maneno yangu mwenyewe, na leo nauhitaji umbali huo.

Juzi tukiwa tunakula ulisema, huku ukiangalia sahani, "Mama, nimefikiria. Nitasoma hapa hapa na Apiyo. Hiyo shule ya bweni ya Migori iache tu."

Dani yako akafurahi mpaka akakuongezea samaki. "Nyathina, mwanangu, umesema vizuri. Hawa walikuja pamoja. Mtu huwatenganishaje?"

Apiyo akasema, "Kwani mimi ni mtoto wa kubebwa mgongoni? Nenda zako, bwana. Angalau nitalala nikinyoosha miguu."

Mlicheka wote, lakini wewe hukulirudisha neno lako. Mimi nikasema, "Tutaona." Wewe unanijua. Nikisema tutaona, maana yake ninaogopa. Nafasi yako kule bwenini itangoja mpaka kesho tu. Usipofika watampa mtoto mwingine. Kwa hiyo unanidai jibu, na jibu lenyewe ni hili hapa, ila limepitia mahali ambapo hukutegemea. Limepitia kwenye mashine.

Kompyuta yetu wewe unaiita mashine ya Mama na hujawahi kuuliza inafanya nini. Kazi yake si ngumu kueleza. Tunaandika ndani yake kadi za watoto wote wa vituo vyetu, kuanzia Rodi Kopany mpaka Magunga na huko visiwani. Kabla ya kila safari ya chanjo inachapa majina ya watoto ambao zamu yao ya sindano imefika. Aliyeipangia kazi hiyo ni kijana mmoja kutoka Kisumu, jina lake Were. Alikaa nasi muda wa kutosha kuandika programu na kuzoea samaki wetu, kisha akapata kazi Nairobi. Siku ya kuondoka alinikabidhi kiti chake.

"Min rude," aliniambia. Unajua hapa hakuna anayeniita kwa jina langu; kwao mimi ni mama wa mapacha, basi. "Min rude, ikianza kukimbia usiiguse. Ikisimama katikati utanitafuta na hutanipata."

Alikuwa anatania. Mimi nilichukua maneno yake kama amri ya serikali. Tangu siku hiyo nilikuwa naiwasha, naiambia ikimbie, halafu naweka mikono mapajani mpaka imalize kuchapa. Mtu akipita karibu na waya wa umeme namtolea macho.

Usidhani sikuwa na elimu ya jambo hilo. Were aliacha kitabu na nilikisoma chote, hata kurasa za mwisho ambazo watu hawasomi. Nilielewa kwamba programu yetu ni ya aina ambayo mashine inaisoma mstari kwa mstari na kutenda papo hapo, kama mpishi anayesomewa mapishi jikoni. Nilielewa pia kwamba ukichomeka neno STOP kati ya mistari hiyo, mashine ikifika hapo itatulia na kukungoja. Utaiuliza wakati huo imeshika nini, itakujibu, kisha utaiambia iendelee kutoka pale pale. Ukurasa huo niliusoma mara nyingi kuliko kurasa zote. Kila mara nikaufunga na kuweka mikono mapajani.

Halafu siku moja nesi Perpetua akarudi kutoka Takawiri. Unamjua, yule anayecheka kabla hajasema lolote. Siku hiyo hakucheka.

"Min rude, karatasi yako imenigombanisha na watu."

"Imefanya nini?"

"Mama mmoja amekuja na dada yake, kila mmoja na mtoto mgongoni. Mtoto wa mama yumo kwenye karatasi. Huyu wa dada hayumo. Nikamwambia huyo arudi safari ijayo, chupa za dawa ni chache na sheria ni karatasi. Yule mama akaniangalia hivi, kuanzia kichwa mpaka viatu. Akawachukua wote wawili wakaenda zao. Hata yule wa zamu hakuchomwa!"

"Labda kadi ya huyo mwingine haikufika hapa."

"Niliileta mwenyewe hiyo kadi, nikakupa mkononi. Mtoto anaitwa Wilfrida."

"Labda ilianguka njiani."

Hapo alisimama wima. "Mimi nimevuka ziwa na hilo begi kichwani, maji yananirukia mpaka puani. Wewe umekaa chini ya feni. Ndio uniambie nimeangusha?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nilimlaumu mtu kwa sababu mtu ndiye nisiyemwogopa. Na surua ilikuwa imeshaingia Magunga. Wavuvi wa Takawiri wanalala huko, wanakula huko, wanarudi na chochote walichokutana nacho. Boti ilikuwa irudi kisiwani kesho yake, kisha isiende tena kwa muda mrefu. Watoto wawili walikuwa huko bila sindano, na mimi nilikuwa na alasiri moja.

Nilifungua kabati. Kadi ya Wilfrida ilikuwepo. Nikatazama ndani ya mashine, kwenye majina tuliyoyaandika. Wilfrida alikuwemo, herufi zote sawa. Kwenye karatasi iliyochapwa hakuwemo. Basi hakupotelea ziwani wala kabatini. Alikuwa amepotelea katikati, mashine ikikimbia, na katikati ndipo nilipokuwa nimekatazwa.

Nikaiendesha upya. Nikaiendesha tena. Nilikaa nimekikodolea kioo macho kana kwamba mashine itaona haya na kujirekebisha. Kila mara ilichapa karatasi ile ile.

Kilichonisaidia mwishowe hakikuwa ujasiri. Niliogopa vilevile kama siku zote, ila nikaanza kujiuliza ninaogopa nini hasa. Jibu lilikuwa dogo. Ili kusimamisha programu bila kuiharibu, nilipaswa kuandika amri nyingi, moja baada ya nyingine: kutoa nakala, kuipa nakala jina lingine, kuichomekea mstari wa kusimama, kuifungua, kuiendesha. Nikikosea herufi moja tu kwenye amri ya kunakili, ningeweza kufuta kazi yote ya Were. Nami nikiogopa hukosea herufi.

Kwa hiyo amri zile niliziandika mara moja tu, polepole, huku nimeweka rula chini ya kila mstari wa kitabu. Niliziweka zote ndani ya faili moja ndogo na nikaipa faili hiyo jina la herufi moja, S. Kuanzia hapo nikiandika S na kubonyeza kitufe cha kuingiza, mashine yenyewe inatoa nakala, inachomeka mstari wangu wa kusimama ndani ya nakala hiyo, na kuanza kuikimbiza. Ya Were inabaki ilipo, haijaguswa. Nikiharibu, nimeharibu nakala. Sikuwa mtu jasiri zaidi. Nilikuwa nimefanya kusimama kuwe kitu chepesi kiasi kwamba hata mimi ningeweza.

Mara ya kwanza niliuweka mstari huo mahali pabaya. Niliuweka mlangoni, pale ambapo kila mtoto anapita, na mashine ikasimama kwa kila mtoto wa wilaya nzima. Nikabonyeza kitufe cha kuendelea mpaka kidole kikauma, na sikuwa nimeona chochote ila majina. Ndipo nikarudi kwenye mistari ya Were na kutafuta mahali ambapo mashine inasema: huyu mruke, nenda kwa anayefuata. Nikahamishia mstari wangu hapo. S. Kuingiza. Ikakimbia, kisha ikasimama.

Niliangalia mlango kwanza, kama mtu atakayekamatwa. Hakuja mtu. Mashine ilikuwa imetulia inaningoja, haijaharibika hata kidogo.

Nikaiuliza jina la mtoto iliyekuwa inataka kumruka. Alikuwa mtoto wa Rodi Kopany ambaye mama yake alipoteza kadi akaandikishwa mara ya pili. Vizuri, huyo anastahili kurukwa. Nikaiambia iendelee. Ikasimama tena. Nikauliza jina.

WILFRIDA.

Nikauliza kijiji. Takawiri. Nikauliza jina la mama, nikauliza tarehe ya kuzaliwa. Mashine ilijibu kila kitu kwa utulivu. Halafu nikauliza jina la nyumbani, ambalo tunaliweka mahali pake, kwa kuwa mtoto wa hapa ana jina la kanisani na lile analoitwa kwao. Ikaandika:

ADONGO.

Nikauliza jina la nyumbani la mtoto aliyemtangulia, yule iliyemkubali. APIYO.

Niliondoa mikono kwenye kibodi. Kisha nikaiambia iendelee. Ikasimama kwa Odongo. Ikasimama kwa Odongo mwingine. Ikasimama kwa Adongo wa Magunga, huko huko kwenye surua. Kila Adongo na kila Odongo, yaani kila mtoto aliyefuata pacha wake kutoka tumboni, mashine ilikuwa inamruka.

Were alikuwa amefikiri vizuri. Mama akiwa yule yule, kijiji kile kile, siku ya kuzaliwa ile ile, basi ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Wa pili aondolewe. Alipoijaribu mbele yetu tulipiga makofi, ofisi nzima, watu waliozaliwa hapa hapa, ambao wakisikia Opiyo wanauliza Odongo yuko wapi. Na mimi wananiita mama wa mapacha kutoka asubuhi mpaka jioni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Nilimwita Perpetua nikamwonyesha.

"Yaani," alisema polepole, "inamchoma Apiyo, halafu inamwambia Adongo wewe umeshachomwa?"

"Inamwambia wewe ndiye yeye."

"Yawa!" Akaanza kucheka, kisha akaziba mdomo. "Kumbe yule mtoto wa dada si wa dada. Alikuwa anamsaidia kubeba tu. Na mimi nimemwambia mama wa mapacha nimchome mmoja nimwache mwingine! Ningekuwa yeye ningenipiga na kiatu. Na wewe, min rude, hata wewe hukuona?"

"Hata mimi."

"Wewe ndio umenishangaza kuliko mashine."

Nilirekebisha kwa maneno machache ndani ya faili yangu ya S, nikaiambia nakala ilinganishe na jina la nyumbani pia kabla ya kumruka mtu. Nikaandika S tena. Safari hii ilisimama kwa yule wa Rodi Kopany peke yake, na Wilfrida akapita bila kuguswa. Ndipo nikagusa ile ya Were.

Perpetua aliporudi kutoka kisiwani alinihadithia. Yule mama alikubali, kwa sharti. "Sindano mbili, mpigo mmoja. Hataki mmoja atangulie. Ikabidi nimwite mwenzangu, tukahesabu moja, mbili, tatu, kama watu wa mbio."

"Walilia?"

"Wa kwanza alilia mpaka wavuvi wakageuka. Wa pili hakulia. Alinitazama tu, kama anayeniuliza nilikuwa wapi."

Nilirudi nyumbani siku hiyo na maneno hayo, Adongo. Ninyi mlikuwa uani mnachambua mboga na dani yenu. Nikawatazama. Sikuwatazama wote kwa pamoja kama nilivyozoea. Nilimtazama mmoja, nikatulia, halafu nikamtazama mwingine. Nikaona viatu vyako.

Unakumbuka viatu hivyo. Tulivinunua Rodi Kopany siku ya soko. Apiyo alikaa kwenye kigoda, akajaribu, akatembea, akasema vinamtosha, nami nikamwambia mwenye duka, "Nipe jozi mbili." Wewe ulikuwa umesimama pembeni umeshika begi. Mguu wako umekuwa mkubwa kuliko wa Apiyo tangu mkiwa na miaka sita. Ulivaa viatu vile muhula mzima, vidole vimekunjwa, na hukusema. Nilipokuuliza siku ile uani kwa nini ulinyamaza, uliniambia, "Vilikuwa vinamtosha Apiyo."

Nikaanza kuhesabu mengine. Watu wakiniuliza wasichana hawajambo, najibu hawajambo baada ya kumwona Apiyo, kwa kuwa Apiyo ndiye anayesikika. Nikimpima Apiyo homa kwa kiganja, nawapa dawa wote wawili. Nikimsikia anacheka, nalala nikijua mko salama. Sikuwahi kukunyima kitu. Nilikuwa nakuruka tu, kwa mapenzi kabisa, kwa kudhani nimeshafika kwako.

Dani yako anasema mlikuja pamoja na simbishii. Lakini nimemfikiria sana yule mama wa kisiwani. Wanaosema mapacha watendewe sawa humtaja yeye kana kwamba alitaka watoto wake wawe mtu mmoja. Mimi naona alitaka kinyume. Alikataa kuondoka na sindano moja kwa watoto wawili.

Sasa, ulichosema juzi mezani. Nimekisimamisha hapo nikakitazama. Nimejiuliza: amesema hivyo kwa kuwa anataka shule ya hapa? Huitaki, ulilia kwa furaha nafasi ya Migori ilipokuja, nilikuona, siku hiyo nilikuwa nimeanza kukuona. Amesema kwa kuwa Apiyo anamhitaji? Apiyo amejibu mwenyewe, anataka kitanda. Kilichobaki ni kwamba umezoea. Umezoea kuvaa kinachomtosha mwingine.

Utaogopa huko, najua, kwa kuwa uoga wako umetoka kwangu. Nilipopata mimba yenu sikuwa nimemaliza shule. Kila aliyeniuliza nina nini nilijibu sina kitu, nikawa nakimbia hivyo hivyo na kazi za shule na za nyumbani mpaka tumbo likasema lenyewe. Sijutii ninyi. Ninajutia ile miezi ambayo sikuthubutu kutulia hata siku moja nijiulize nina nini, nitafanya nini, nani nimwambie. Dani yako angeweza kunisaidia mapema kuliko alivyonisaidia. Alinirudisha shule, lakini kwanza ilibidi mimi nisimame, na sikuwa na njia fupi ya kusimama.

Kwa hiyo sikutumi Migori na ujasiri, kwa sababu sina wa kukupa. Tafuta tu jambo dogo ambalo utaliandaa ukiwa hujaogopa bado, la kukutuliza siku utakapoogopa. Mimi yangu ni herufi moja. Yako sijui itakuwa nini. Pengine kona ya uwanja, pengine rafiki ambaye mmekubaliana kwamba ukimwambia neno fulani ataacha anachofanya. Liandae wiki ya kwanza. Na ukishatulia usijiulize maisha yamekuwaje, swali hilo ni kubwa mno, mtu hutoka nalo mikono mitupu. Jiulize vitu vidogo kimoja kimoja: leo nimekula? Nimekasirishwa na nani? Hiki ninachosema nakitaka mimi? Mashine hujibu vizuri inapoulizwa hivyo, na watu pia.

Ukiona kule hapakufai, utaniandikia na nitakuja kukuchukua mwenyewe, sitamtuma mtu. Shule ya kutwa ya hapa haihami. Lakini urudi kwa kuwa umeangalia ukaona. Usirudi kwa ajili ya Apiyo, wala kwa ajili ya dani, wala kwa ajili yangu, ambaye nitakuwa nakaa mezani nikihesabu sahani vibaya.

Jibu langu basi ni nenda.

Wenzangu wanarudi kutoka kwenye chai, nawasikia kwenye ngazi. Miaka yote nimewaamsha kwa kelele moja kutoka jikoni, na aliyeamka kwanza alimsukuma mwenzake. Kesho sitaita. Nitakuja mpaka kitandani, upande wako, nikuguse bega na kutaja jina lako, kisha ningoje mpaka wewe uitikie. Apiyo tutamwacha alale. Nitamwamsha yeye naye, saa yake ikifika.

Mama yako